Tarehe na saa kwenye programu: wanapokwama wanaoanza

Mteja amelipa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 2025, Dar es Salaam. Seva inayotumia UTC (saa ya marejeo ya dunia, iliyo saa 3 nyuma ya Dar es Salaam) inaandika 2025-02-28T22:30:00Z; Z ya mwisho inamaanisha UTC. Iko sahihi kabisa. Kosa linakuja kwenye ripoti: ukichuja kwa tarehe ya UTC, mauzo hayo yanaangukia Februari na mhasibu atakusumbua wiki nzima.

Kwa hiyo hifadhi tukio kwa UTC, lakini mipaka ya siku ipange kwa saa za mtumiaji. Machi yote ya Dar es Salaam ni kuanzia 2025-02-28T21:00:00Z hadi kabla ya 2025-03-31T21:00:00Z. Tumia >= mwanzoni na < mwishoni. Ukiishia 23:59:59, malipo yaliyoingia ndani ya sekunde ile ya mwisho, mfano 23:59:59.4, yatapotea.

Usijumlishe saa 3 kwa mkono. Taja jina la eneo, Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, maktaba ya tarehe ya lugha yako ya programu ifanye hesabu. Kigali na Lubumbashi ziko UTC+2, Kinshasa UTC+1. Sisi hatusogezi saa mbele na nyuma kwa majira kama London, ndiyo maana majaribio ya nyumbani hayagundui kasoro ya kujumlisha kwa mkono. Kikao cha saa 10:00 London ni 13:00 Nairobi wakati wa baridi, na 12:00 wakati wa kiangazi. Kikao kijacho basi kihifadhi kwa saa ya pale pale pamoja na jina Europe/London, si kwa UTC. Tarehe ya kuzaliwa haina saa wala eneo. Iweke kwenye safu ya hifadhidata ya aina ya DATE (tarehe tupu), basi.

Kwenye Python, acha utcnow(), maana inarudisha saa isiyojua eneo lake, andika datetime.now(timezone.utc). Kwenye JavaScript, new Date(2025, 3, 1) ni Aprili, kwa sababu miezi inaanzia 0. Na ukiona Januari 1970 kwenye skrini, mwezi ambao kompyuta huanzia kuhesabu muda, aghalabu umeipa programu sekunde (tarakimu 10) mahali panapotaka milisekunde (tarakimu 13).

Fomu za Kiswahili zina mtego wao. Mtu akijaza "3:00" huenda anamaanisha 09:00. Usikisie: weka chaguo la asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha mwonyeshe "saa tatu asubuhi (09:00)" kabla hajabonyeza kutuma.