Matairi ya Prado kwa lami na matope ya Karamoja

Ndugu, umeuliza matairi gani ya kufunga: kwa Prado yenye saizi ya 265/65R17 inayokaa Kampala na kupanda Karamoja mara mbili kwa mwezi, chukua A/T (tairi la njia zote), achana na M/T (tairi la matope). Safari yako nyingi ni lami, na meno makubwa ya M/T yanavuma, yanaisha haraka na kwenye lami iliyolowa yanateleza.

Kuhusu kuongeza saizi hadi 265/70R17: kipenyo cha tairi kinakua kutoka milimita 776 hadi 803 hivi. Spidomita ikisoma 100, wewe uko 103. Ukilifunga, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone kama linagusa madigadi. Mimi ningebaki na saizi ya kiwandani.

Kinachoua matairi kwenye murram (barabara ya changarawe) ni mawe makali yanayopasua ubavu, kwa hiyo tafuta lenye herufi LT (la magari mepesi ya mizigo): ubavu wake ni mgumu zaidi, ingawa gari litarukaruka kidogo. Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ubavuni mwa tairi; ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la zamani hivyo liache hata kama meno yanang'aa, maana mpira wake umeshakauka. Mitumba, hata usiulize bei.

Upepo (kwa psi): lami 32, murram 27. Ule udongo mweusi wa Kotido ukinyeshewa unajaza meno ya A/T yakawa laini kama sahani. Shusha hadi 20, nenda polepole, kisha ujaze tena kabla ya lami. Beba pampu ya betri. Na spea iwe saizi ileile.