Mimi nalala, shingo inakesha

Kuna uchovu wa mtu aliyelala usiku kucha. Ukiwaeleza watu hawakuelewi, maana kila kitu kinakusuta: taa ulizima mapema, simu uliiacha chumba kingine, na mwenzako amekusikia ukikoroma. Wangu ulidumu karibu miaka miwili. Nalala kwa saa saba, wakati mwingine nane, naamka hoi. Shingo imekaza upande wa kulia, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, kichwa kizito kama nimetoka kukesha msibani.

Nikatafuta mchawi, nikaona ni godoro. Nikanunua jingine, gumu kama benchi, kwa kuwa kila niliyemuuliza alisema mgongo unataka pagumu. Wiki mbili baadaye shingo ilikuwa palepale na nyonga nayo imeanza kuuma. Baadaye sana ndipo niliposoma kwamba huko Hispania watafiti waliwagawia magodoro watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengine magumu, wengine ya ugumu wa wastani, wakawafuatilia kwa siku 90. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na waliopata nafuu zaidi ni wale wa godoro la wastani. Fedha yangu ilishakwenda.

Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja wa fiziotherapia niliyemwendea kwa ajili ya ile ganzi. Hakuanza na vidole. Alisema, "Dada, hebu panda hapo ulale kama unavyolala nyumbani." Nikalala ubavu wa kushoto, mito miwili chini ya kichwa, mikono nimeikunja hadi kidevuni. Akaniangalia kama dakika mbili bila neno. Kisha akaniambia nigeuke chali, nilegee. Nikalegea. Akauinua mkono wangu wa kulia, akauachia ghafla.

Mkono ukabaki hewani.

Sikuwa nimeushikilia kwa makusudi, naapa. Ulikaa tu pale juu, kama wa mwanafunzi anayetaka kujibu swali. Kijana akacheka kidogo. "Aliyelegea, mkono wake unaanguka pu! Huu wako bado uko kazini."

Nimeshawafanyia ndugu zangu kadhaa jaribio hilohilo. Wengi wanaapa wamelegea, na mikono yao inaning'inia hewani vilevile. Kulala chini na kulegea ni mambo mawili, na mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikifanya la kwanza tu.

Alivyonieleza ni hivi. Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna visahani laini ambavyo mchana hubanwa na uzito wa mwili vikapoteza maji, na usiku huyanywa tena. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni, kwa sentimita moja hivi. Usiku ni zamu ya matengenezo. Lakini ukilala umejipinda, kuna misuli inavutwa saa zote hizo na mingine imejikunja. Tena kuna vipindi vya usingizi wa ndoto ambapo ubongo huzima karibu misuli yote, isipokuwa ya macho na ya kupumulia. Kama shingo imekaa vibaya wakati huo, hakuna msuli wa kuitetea, na kichwa chenye kilo nne au tano kinabaki kushikiliwa na ligamenti, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa. Maumivu yakianza unazinduka nusu, unageuka, unasinzia tena. Asubuhi hukumbuki hata mara moja. Unajua tu kwamba umechoka.

Basi tukaanza na mto. Mto wa mtu anayelala ubavu una kazi moja: kujaza nafasi iliyopo kati ya sikio na ukingo wa bega. Mito yangu miwili ilikuwa inakisukuma kichwa kuelekea bega la kulia, na upande huo wa shingo ukakaa umejikunja usiku mzima. Nilipoondoa mmoja, uliobaki ukanywea na kichwa kikazama upande wa pili. Dawa ilikuwa taulo, nililolikunja na kulisukumiza ndani ya foronya, chini ya mto. Mikunjo minne ilizidi, miwili ikapungua, mitatu ndiyo yangu. Kujua kama umepatia, mwombe mtu akupige picha kwa nyuma ukiwa umelala: pingili za shingo ziende msitari mmoja na za mgongo. Mimi nilipoiona picha ya kwanza nilidhani ni ya mtu aliyeanguka ngazi.

Mto wa pili, ule nilioutoa kichwani, ulihamia katikati ya magoti. Bila huo, goti la juu huanguka mbele, linavuta nyonga, nyonga inakizungusha kiuno. Anayelala chali auweke chini ya magoti ili kiuno kipumzike. Anayelala kifudifudi ana shida kubwa zaidi, kwa sababu ili apumue ni lazima aigeuze shingo upande mmoja. Kama huwezi kuacha, weka mto mwembamba kabisa kichwani, au usiweke, na mwingine chini ya nyonga.

Ile ganzi nayo haikuwa ya shingo. Mshipa wa fahamu unaoviendea vidole viwili vya mwisho hupita nyuma ya kiwiko, palepale ambapo ukijigonga unasikia shoti. Ukikunja kiwiko saa nzima, mshipa huo unavutika na kubanwa. Nikawa nalala nimekizungushia kiwiko taulo jingine, si la kukaza, la kukizuia tu kisijikunje chote. Nilionekana kituko. Baada ya kama wiki tatu ganzi ikaisha. (Ganzi ikiwa ya gumba, cha shahada na cha kati, chunguza kifundo cha mkono, huo ni mshipa mwingine.)

Upande wa kulegea ulinichukua muda mrefu zaidi. Nilijaribu njia aliyoianzisha daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, katika miaka ya 1920. Unakaza kundi moja la misuli kwa sekunde tano hivi, unaachia kwa ghafla, unakaa nusu dakika ukisikiliza tofauti, ndipo unahamia kundi jingine. Naanza na vidole vya miguu, napanda. Maana ya kukaza kwanza ni kwamba msuli uliozoea kukakamaa huutambui. Ukiuzidishia ndipo unausikia, na ukiuachia hushuka chini ya pale ulipokuwa.

Usiku wa kwanza nilifanya kwa bidii za mtihani, nikabaki macho makavu. Mtu hajilazimishi kulegea. Siku hizi nikisinzia zoezi likiwa limefika magotini tu, sirudi kumalizia. Na kama huna subira na zoezi lote, shughulikia taya. Midomo ifungwe, meno yasigusane, ulimi upumzike juu kwenye kaakaa. Mimi nilikuwa nauma meno bila kujua, na taya likikaza, mabega hupanda kulifuata. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyoingiza, mara tano sita. Maji ya moto ya kuoga nayo yanasaidia, ila uoge saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa sababu kinacholeta usingizi ni mwili kupoa baadaye.

Kosa nililolifanya katikati ya yote haya ni kujipanga kupita kiasi. Nilijizungushia mito pande zote nisigeuke, nikalala kama mzigo uliofungwa, na usingizi ukawa wa mang'amung'amu kuliko mwanzo. Mwili unatakiwa kugeuka usiku. Mkao mzuri ni wa kuanzia.

Kuna mambo ambayo taulo halitibu. Mguu kukosa nguvu, ganzi isiyotoka hata mchana, kushindwa kuzuia haja: hayo ni ya hospitali, na hilo la mwisho ni la siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kama unakoroma na mwenzako anasema huwa unakata pumzi katikati. Kulala ubavu huwapunguzia baadhi ya watu, lakini apime daktari.

Shingo yangu sasa inageuka pande zote mbili. Nikizinduka usiku nimelalia tumbo, na hutokea, napapasa gizani kutafuta mto wa magotini. Mara nyingi naukuta kwa mwenzangu, yule aliyekuwa akinicheka, ameukumbatia na usingizi umemwelemea. Mwezi uliopita tulinunua wa kwake.