Barua kwa mwanangu, kuhusu Addis na kile kikao cha Gigiri

Mwanangu,

Nimesikiliza voisi yako mara mbili, ya pili nikiwa nje chini ya mwembe manake mama yako alikua ashalala. Unauliza, baba, huo mkutano wa tabianchi wa 2027 ukija Addis Ababa nichukue likizo niende kwa pesa yangu kama mwangalizi, na kama mwangalizi hana kura ataenda kusaidia nini. Nitakujibu mama, lakini niache nianzie mbali.

Hilo la kura kwanza lisikusumbue, kwa sababu mle ndani hata wajumbe wa nchi hawapigi kura. Tangu mkutano wa kwanza Berlin 1995 hawajawahi kuafikiana kanuni ya kupiga kura, kwa hivyo kila kitu lazima wakubaliane wote, wanavutana mpaka alfajiri, maneno yenye ubishi yanafungiwa kwenye mabano na kazi yote ya wiki mbili ni kutoa mabano. Ukikaa kule nyuma ukaona nani ameng'ang'ania bano lipi, umejua jambo ambalo kwenye taarifa ya mwisho halitakuwemo kabisa. Alafu kuna nchi zinakuja na watu wanne watano, vyumba vya mazungumzo ni vingi, hawawezi kua kila mahali, mara nyingi mwangalizi ndo anawapelekea habari ya chumba ambacho hawakufika. Neno langu unalijua, mmelisikia tangu wadogo mpaka mkachoka, asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa ulivyouliza tu nikarudi Gigiri, kule kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa Nairobi, mkutano huo huo ulipokuja kwetu Novemba 2006. Wewe ulikua darasa la tatu, utakumbuka zile kalamu nilizokua nakuletea jioni. Kikundi chetu cha miti kilipata beji moja ya mwangalizi nikapewa mimi, nikaenda na ile koti ya harusi ya ami yako. Watu wengi walikua wanamfuata Wangari Maathai na kampeni yake ya miti bilioni moja, na siku Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, alipohutubia akasema uongozi unakosekana kiasi cha kutisha, ukumbi wote ulinyamaza, mimi nikasema haya, leo wamesikia.

Lakini chumba nilichokua nakaa mimi kilikua cha ule mfuko wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, ambao pesa yake ilikua itoke kwenye asilimia 2 ya hati za kaboni, zile wanazopewa miradi ya kupunguza hewa chafu chini ya mkataba wa Itifaki ya Kyoto. Ubishi ulikua nani ausimamie, na nchi maskini zitakua na sauti gani mezani. Na mwaka ule unaujua, ukame ulikua umemaliza ng'ombe wa babu yako, kisha mvua ikaja yote kwa mpigo mto Tana ukavunja kingo. Nikiwa mle ndani shangazi yako akanibipu mara tatu kwa simu ya kuazima. Nikatoka nikampigia, akaniambia maji yako kizingitini, watoto tumewapandisha juu ya kichanja, kaka mwambie mtu huko. Hivyo hivyo alivyosema. Mwambie mtu huko.

Nikasimama kwa laini ya chai nikitetemeka, na mbele yangu nani, mjumbe wa nchi moja tajiri, yule yule aliyekua anaongea sana kwa kile chumba. Akanigeukia kwa upole tu akaniuliza, unatoka wapi? Nikasema Nairobi. Akatikisa kichwa, akachukua kikombe chake akaenda. Garsen, kule Tana kwa shangazi yako, sikuitaja, yeye mwenyewe sikumtaja, simu bado iko mkononi. Niliporudi mlango ulikua umefungwa, kikao kimekua cha wajumbe peke yao, ndo utaratibu wao mambo yakikaza. Mwanangu, ni miaka karibu 20 na bado nikilala nasikia sauti yangu ikisema Nairobi.

Kwa hivyo mimi nilikuwapo na langu halikuwapo. Hapo neno langu linanigeuka mwenyewe. Nikaona tena mkutano huo huo Baku 2024, nchi zinazoendelea zimeomba dola trilioni 1.3 kwa mwaka za tabianchi, mwenyekiti akagonga nyundo kupitisha bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, mjumbe wa India yuko ndani ya ukumbi na anapinga, ashapitwa. Kuwapo kumemsaidia nini? Lakini tena nikumbuke Dubai 2023, nyundo iligongwa visiwa vidogo hawajaingia ukumbini, mama wa Samoa akaja kusema mmepitisha sisi hatumo, watu wakasimama wakampigia makofi muda mrefu, na uamuzi ukabaki vile vile. Makofi si kitu, wangekua ndani pengine, sijui, pengine ingekua kama Baku.

Na nisiwe mkali kupita kiasi, manake kile chumba kilichonifungia mlango hakikutoka bure. Nairobi walikubaliana kwamba kwenye mfuko ule kila nchi ni kura moja na nchi zinazoendelea ndo wawe wengi, Bali 2007 wakaunda bodi yake, na baadae Kenya yetu ikapata kama dola milioni 10 kupitia NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Yale mabano niliyokua nayaona ya kuchosha yalikua ndo hayo. Ila shangazi yako ile wiki alitolewa na mtumbwi wa jirani, si na mfuko.

Kama ungeniuliza ukienda uende vipi hapo ningekujibu bila kusita. Kabla ya kununua tiketi nenda Garsen ukalale kwa shangazi hata siku tatu, umuulize maji yalifika wapi 2006 na yalifika wapi hii miaka ya juzi, aseme mwenyewe, uandike kwa maneno yake. Ukiulizwa unatoka wapi uwe nayo mdomoni.

Uende ama usiende sisemi, mama yako amenikataza nisikuamulie na ana haki, wewe ni mtu mzima na likizo ni yako. Ila lile daftari langu la Gigiri nimelitoa kwenye sanduku, bado linasomeka. Nalipeleka steji kesho asubuhi, namba ya gari nitakutumia.

Baba yako