Fundi Anajibu: Redio ya CB Iliyolala Stoo

SWALI: Shikamoo fundi. Ni dereva wa lori hapa Ohio, Marekani. Nimepewa redio ya CB (redio ya mawasiliano ambayo madereva huzungumzia barabarani) ya zamani, ya chaneli 40, maiki ya pini nne. Imekaa stoo zaidi ya miaka kumi na naogopa kuiunga kwenye betri. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Fungua kifuniko kabla ya kuiunga popote. Karibu na zinapoingia waya za umeme kuna kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) kubwa ya duara, kwa kawaida maikrofaradi 1000 hadi 2200. Ikiwa imevimba kichwani au imevuja chini, ibadilishe kwa thamani ileile, volti 25, nyuzi joto 105. Usidanganywe na gundi ya kahawia ya kiwandani; hiyo si uvujaji. Mstari ubavuni ni upande wa hasi, na ukiigeuza itapasuka.

Sasa washa swichi ya redio, bado bila umeme, upime kwa multimita kati ya waya mwekundu na mweusi. Ukipata karibu omu sifuri, hata ukibadilisha ncha za multimita, basi huenda dayodi ya kinga, inayoilinda redio dhidi ya umeme uliogeuzwa, imeungua. Hutokea mtu akiunga waya kinyume.

Vipimo vikiwa sawa, pitisha waya mwekundu kwenye balbu ya gari ya volti 12, wati 21, ndipo uingie redioni. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti: zima. Ikififia au isiwake kabisa, iondoe na urudishe fyuzi ya redio.

Redio imewaka lakini kimya? Usikimbilie kulehemu. Angalia swichi ya PA/CB (PA ni ya kipaza sauti cha nje) iwe kwenye CB, skwelchi (kitufe cha kunyamazisha mvumo) izungushwe hadi mwisho wa kushoto, na maiki iwe imechomekwa. Redio nyingi za pini nne hazitoi sauti bila maiki, maana saketi ya kupokea hupitia kwenye swichi yake. Bado kimya, chomeka spika ya nje ya omu 8. Ikisikika, mguso ndani ya tundu hilo umeshika kutu na unakata spika ya ndani. Chomeka na kuchomoa mara kadhaa, kisha pulizia dawa ya kusafishia elektroniki. Dawa hiyohiyo inafaa kwa volyumu inayokwaruza na kwa kiteuzi cha chaneli.

Viini vya rangi kwenye koili viache. Havilegei kwa kulala stoo, na bisibisi huvipasua.

SWALI: Yangu inapokea vizuri. Nikibonyeza maiki, wenzangu wanaona mshale wa kipima mawimbi kwenye redio zao unapanda ila hawasikii neno.

JIBU: Huenda waya wa sauti umekatika ndani ya kamba ya maiki, mara nyingi sentimita chache kutoka kwenye plagi. Pima huku ukiikunja. Multimita ikilia na kunyamaza, kata kipande hicho na ulehemu upya kwa mpangilio uleule, kwani kila mtengenezaji ana wake.

Ila usirushe mawimbi bila antena au mzigo bandia (kifaa kinachochukua nafasi ya antena wakati wa majaribio) wa omu 50, unaweza kuunguza transista ya mwisho ya kurushia. Pima SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio) chaneli ya 1, 20 na 40: chini ya 2 endelea, ikifika 3 acha. Ikiwa kubwa zaidi chaneli ya 40, antena ni ndefu. Ikiwa kubwa chaneli ya 1, ni fupi. Ikiwa ndefu, punguza milimita chache kwa mara moja.