Nakala ya talaka iliyotolewa Houston

Dada, pole na mahangaiko. Kwa kuwa talaka ilitolewa Houston na sasa unataka nakala yake kwa ajili ya faili la uhamiaji la mume wako mpya, usianzie Austin, makao makuu ya jimbo. Ofisi ya jimbo la Texas hutoa barua tu ya kuthibitisha kwamba talaka ipo, tena kwa zile za kuanzia 1968. Barua hiyo si hukumu yenyewe, na uhamiaji wanataka hukumu.

Hukumu iko kwenye kaunti ilikofunguliwa kesi. Kwako ni Harris, ofisi ya District Clerk, yaani karani wa mahakama zinazosikiliza kesi za talaka. Angalia usiende kwa County Clerk, karani wa kaunti: hao wanatunza vyeti vya ndoa, na watu wengi hupotelea hapo. Andaa majina yenu, lako na la mume uliyeachana naye, kama yalivyoandikwa wakati ule, mwaka, na namba ya kesi ukiwa nayo. Jina likiandikwa tofauti hata herufi moja, jaribu tahajia zote, maana majina yetu huwa wanayakosea.

Omba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa karani na saini ya jaji, kurasa zote. Chukua mbili, moja ubaki nayo.