Maswali ya Studio: Fidla, Tarumbeta na Orutu

Mwalimu, nina wimbo wa mapenzi unaolilia fidla nyingi, lakini hapa Kisumu nimepata wapigaji wawili tu. Nitatoboa? (Msomaji, Kondele)

Utatoboa, dada. Warekodi safu kwa safu: wapige sauti ya kwanza, wabadilishane viti, waipige tena, kisha waingie sauti ya pili, nayo mara mbili. Safu nne za watu wawili ni fidla nane masikioni. Ila usinakili rekodi moja ukairudia. Nakala haitanui sauti, inaongeza nguvu yake tu. Huyu kachelewa kidogo kugeuza upinde, yule katikisa kidole zaidi: hapo ndipo sikio linaamini kuna umati. Na umati wenyewe si lazima uwe mkubwa. "Eleanor Rigby" ya Beatles, 1966, ina wapigaji 8 tu: fidla 4, viola 2 (fidla kubwa kidogo, za sauti nzito zaidi), selo 2 (kubwa zaidi, za sauti ya chini). Hao wa selo usiwasahau. Fidla haifiki chini kabisa, na bila besi ya upinde wimbo wako utaelea. Tafuta mmoja, hata kwa saa moja.

Nilimpa mpiga tarumbeta wa kanisani nota zilezile za kinanda, ikawa vurugu. Nilikosea wapi? (Nakuru)

Tarumbeta nyingi ni za B bemoli (B iliyoshushwa nusu toni): akisoma C, inalia B bemoli. Mwandikie toni nzima juu. Wimbo wa C yeye asome D.

Studio yetu ina paa la mabati. Mvua ikianza, tunafunga kazi. (Kakamega)

Rekodini asubuhi, mvua ya huko hupenda alasiri. Msijaribu kuikwepa kwa kubandika maikrofoni kwenye fidla, mtapata mkwaruzo wa upinde kuliko wimbo. Iacheni kama mita moja juu ya mpigaji.

Babu yangu anapiga orutu. Itakaa na fidla kweli? (Bondo)

Itakaa, na swali lako limenifurahisha mno. Orutu, fidla ya asili ya Waluo, ina uzi mmoja, na mzee huukaza kwa sikio lake, si kwa kinanda. Basi mtangulize yeye. Mrekodi na mwimbaji kwanza, halafu wapiga fidla wakaze au walegeze nyuzi zao kumfuata. Mimi niliwahi kufanya kinyume: nilimlazimisha mzee mmoja afuate kinanda, akawa anapiga kwa woga, ule mteremko mtamu wa kidole ukapotea. Rekodi ile sikuitumia. Babu akipigapiga mguu, usimkataze. Mtandikie blanketi chini.