Shangazi, nina nadhiri Bagamoyo na mume wangu anasema ni shirki

Mwanangu wa Magomeni, barua yako nimeisoma nikiwa jikoni mpaka ndizi zikashika chini. Yaani mimba mbili zilitoka, ya tatu mama akakupeleka Bagamoyo kwenye kaburi la Sheikh Ramiya ukaweka nadhiri, mtoto akija salama utarudi na shuka la kijani na ubani, sa mtoto ana miezi mitano na mumeo tangu aanze darsa za Answari, wale Waislamu wanaopinga mambo ya makaburini, hataki hata kusikia neno ziara, anasema ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, na wewe shuka umeshanunua umelificha kwenye ndoo ya unga, unaniuliza uende kimyakimya siku akiwa kazini?

Usiende kimyakimya. Utarudi mtoto ananuka ubani mpaka kwenye nywele, utasema mlikuwa kliniki?

Kuzuru kaburi na kumuomba maiti ni vitu viwili, watu wanavikoroga tu. Mtume alikataza kuzuru kisha akaruhusu, ipo kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim. Mumeo atakuletea ile hadithi ya kulaaniwa wanawake wanaozuru makaburi sana, nayo ipo kwenye kitabu cha Tirmidhi, hajaitunga. Wanaoruhusu wanamtaja yule mama aliyekutwa analia kaburini, Mtume akamwambia amche Mungu na asubiri, hakumfukuza. Hilo wanazuoni wamebishana zamani, nyie hamtalimaliza Magomeni.

Ila nami nikubane kidogo. Umeandika "nilimuahidi Sheikh". Hapo mumeo ana hoja, nadhiri anawekewa Mungu. Lakini akimwita mama yako mshirikina mi nakataa kabisa. Sheikh Ramiya aliletwa Bagamoyo mtoto mdogo, mtumwa kutoka Kongo, akasoma akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria, akafariki 1931. Bibi yangu alikuwa akisema pale kwenye zikri hakuna aliyemuuliza wewe binti nani, akarudi na kanga imelowa maji ya waridi na uso umemtulia. Hicho ndo mama yako anachokifuata, mumeo akijue.

Tafuteni sheikh mnayemuamini wote wawili, asiwe wa darsa lake wala wa zawia ya mama, pale wanapokutana kwa zikri, mumwambie maneno uliyotamka vilevile. Akisema nadhiri haikukaa sawa muulizeni habari ya kafara, ya kiapo ni kulisha maskini 10, na pilau hilo najua mama yako atalisimamia mwenyewe.

Na hilo shuka litoe kwenye unga leo, likung'ute, liweke kitandani mumeo akirudi alikute.